Hapana Isiyo na Sababu: Mjadala wa Ramani, Ratiba na Rangi

Hoja iko hivi. Kuna tawi la hisabati linalohusu kupaka rangi: unachora nukta, unaunganisha kwa mstari kila jozi ya nukta zisizoweza kukaa pamoja, kisha unazipa rangi ili zilizounganishwa zisifanane, ukitumia rangi chache iwezekanavyo. Wanahisabati huuita mchoro huo grafu, na wengi wao hudai kwamba ratiba za mitihani, masafa ya redio na hata programu zilizomo ndani ya simu ni tatizo hilohilo moja. Wapanga ratiba husikia madai hayo na kuendelea na penseli zao. Nani yuko sahihi?

Sauti tatu zinazofuata nimezitunga mimi, lakini hoja zao ni za kweli. Yupo Mhadhiri wa hisabati, yupo Mwalimu wa taaluma katika shule yenye kidato cha tano na sita, na yupo Mhandisi wa mawasiliano ambaye kazi yake ni kugawa masafa. Pale nitakapokuwa na la kusema, nitaingilia.

MWALIMU: Nianze mimi, Dokta, maana mzigo wa ratiba ni wangu. Miaka yote nimeipanga kwa penseli, ufutio na karatasi ya manila. Nukta sijawahi kuzihitaji. Hiyo grafu yako inanipa nini ambacho penseli hainipi?

MHADHIRI: Shule yako ina tahasusi zipi, ile michanganyiko ya masomo matatu matatu?

MWALIMU: Sita. PCM, PCB, CBG, HGL, HKL na EGM. Tuweke kando masomo ya ziada, GS na BAM, tuseme ni mtihani wa ndani, karatasi moja kwa kila somo.

MHADHIRI: Basi tuna masomo tisa: Fizikia (P), Kemia (C), Hisabati (M), Biolojia (B), Jiografia (G), Historia (H), Kiingereza (L), Kiswahili (K) na Uchumi (E). Kila somo nukta. Mwanafunzi wa PCM hawezi kufanya Fizikia na Kemia kwa wakati mmoja, kwa hiyo Fizikia na Kemia zinapata mstari. Ukimaliza tahasusi zote sita unapata mistari 15. Rangi ni vipindi vya mtihani. Swali lako la ratiba sasa linasomeka hivi: nukta hizi zinahitaji rangi ngapi?

MWALIMU: Tatu, na hilo ninalijua bila kuchora. Kipindi cha kwanza Fizikia, Jiografia na Kiswahili. Cha pili Kemia, Historia na Uchumi. Cha tatu Hisabati, Biolojia na Kiingereza. Kila mtoto anapata mtihani mmoja kila kipindi.

MHADHIRI: Safi kabisa. Lakini je, penseli ilikuambia kwamba hukuwa na njia nyingine? Fuata mistari. Fizikia, Kemia na Hisabati lazima zitofautiane. Biolojia inagongana na Fizikia na Kemia, kwa hiyo inalazimika kwenda na Hisabati. Jiografia inagongana na Kemia na Biolojia, kwa hiyo inakwenda na Fizikia. Uchumi unabaki na Kemia. Kiswahili kinalazimika kukaa na Jiografia. Uhuru pekee ulionao, ukiacha kubadili mpangilio wa vipindi vyenyewe, ni kubadilishana Historia na Kiingereza. Mwalimu wa Biolojia akija ofisini kuomba somo lake litenganishwe na Hisabati, unaweza kumwambia papo hapo kwamba haiwezekani, na kumwonyesha kwa nini.

MWALIMU: Hapo umenigusa. Mimi ningekaa nayo jioni nzima nikijaribu, halafu ningemwambia "nimejaribu nimeshindwa", naye angeondoka akidhani sikutaka.

MHANDISI: Ongeza tahasusi moja, Dokta, tuone.

MHADHIRI: Tuongeze PGM. Mstari mmoja tu mpya unaingia, wa Fizikia na Jiografia. Vipindi vitatu havitoshi tena.

MWALIMU: Kwa mstari mmoja? Hakuna mwanafunzi hata mmoja anayefanya masomo manne.

MHADHIRI: Hakuna, na ndiyo sababu watu hudhani vipindi vitatu lazima vitoshe. Lakini tazama Fizikia, Kemia, Hisabati na Jiografia. Fizikia na Kemia, Kemia na Hisabati, Fizikia na Hisabati: PCM inazigombanisha. Fizikia na Jiografia: PGM. Hisabati na Jiografia: EGM, na PGM pia. Kemia na Jiografia: CBG. Nukta nne, kila moja inagongana na tatu zilizobaki. Hakuna mtu mmoja aliyeuleta ugomvi huo. Umeletwa na madarasa matatu au manne ambayo labda hayakai hata jengo moja.

MWALIMU: Na mkuu wa shule akisema, "Futa tahasusi moja turudi kwenye vitatu"?

MHADHIRI: Muulize ipi. Ukifuta PGM, unarudi kwenye vitatu. Ukifuta CBG, unarudi pia. Ukifuta PCM, ambayo ndiyo ungeidhania, hupati kitu, kwa sababu Fizikia, Kemia, Biolojia na Jiografia nazo ni nne zinazogombana zote, na PCM haimo humo.

Niingilie hapa, maana hii ndiyo faida ya kwanza ya kweli, na wanahisabati wenyewe huwa hawaitangazi. Vitabu husema kupaka rangi kunakusaidia kupata ratiba. Mwenye penseli hodari naye anaipata. Kitu ambacho penseli haitoi ni hapana yenye sababu: karatasi yenye nukta nne ambayo mtu yeyote, awe mzazi, mkuu wa shule au ofisa elimu, anaweza kuikagua kwa dakika mbili na kukubali kwamba mpanga ratiba si mvivu wala hana upendeleo. Katika ofisi zetu maamuzi mengi hutoka bila sababu, na watu wamezoea kuyapinga kwa kelele kwa sababu hawajapewa kitu kingine cha kuyapinga nacho.

MHANDISI: Mwandishi anafurahi mapema. Hapana mliyoiona ni ile rahisi. Dokta, waonyeshe Malawi, kisha waonyeshe Uganda.

MHADHIRI: Haya. Chukua ramani ya Afrika, nchi zinazopakana zisipewe rangi moja. Malawi inapakana na Tanzania, Zambia na Msumbiji. Tanzania inapakana na Zambia kule Tunduma, na Msumbiji kwenye Ruvuma. Zambia na Msumbiji nazo zinapakana. Nchi nne, zote zinagusana. Rangi nne ni lazima, na sababu yake ni ileile ya PGM.

MHANDISI: Na Uganda?

MHADHIRI: Tukiacha mipaka ya ndani ya maziwa, Uganda imezungukwa na nchi tano: Kenya, Sudan Kusini, Kongo, Rwanda na Tanzania, kila moja ikigusana na inayofuata mpaka mzunguko urudi Kenya. Humo huwezi kupata nchi nne zinazogusana zote. Kwa hiyo aliyejifunza sababu ya Malawi atasema rangi tatu zinatosha. Ajaribu. Kenya nyekundu, Sudan Kusini kijani, Kongo nyekundu, Rwanda kijani. Tanzania inagusa Rwanda ya kijani na Kenya nyekundu, kwa hiyo inadai rangi ya tatu. Uganda katikati inawagusa wote watano, kwa hiyo inadai ya nne. Wangekuwa jirani sita au wanne, rangi mbili zingepokezana mpaka mwisho. Ni utano wao ulioleta shida.

MWALIMU: Kwa hiyo hakuna kundi la kunyooshea kidole. Kosa limo kwenye mzunguko mzima.

MHADHIRI: Ndiyo. Na hali inaweza kuwa mbaya zaidi. Mwaka 1959 Paul Erdős alithibitisha kwamba kuna grafu zinazohitaji rangi nyingi kadiri utakavyo, elfu moja ukitaka, na bado ndani yake huoni nukta tatu zinazogombana, huoni mzunguko wowote mfupi. Kila pembe utakayoichungulia inaonekana tulivu, ingeridhika na rangi mbili. Ugomvi uko kwenye umbo zima tu.

MWALIMU: Dokta, sasa umeniondolea zawadi uliyonipa. Umesema faida ni hapana yenye sababu ya kuonyesha. Sasa unasema kuna hapana ambayo sababu yake haionekani.

MHADHIRI: Nimesema hivyo, na sitaificha. Ukinipa ratiba iliyopangwa, ninaikagua kwa kupita kila mstari mara moja. Jibu la ndiyo lina shahidi mfupi. Jibu la hapana halina shahidi mfupi tunaoujua kwa kila grafu. Mwaka 1972 Richard Karp aliliweka tatizo hili katika orodha yake ya matatizo 21 ambayo, ukilipatia moja njia ya haraka, umeyapatia yote. Rangi mbili ni kazi nyepesi: paka, mpake jirani kinyume, endelea mpaka ukwame au umalize. Zikifika tatu, hakuna anayejua njia ya haraka ya uhakika, na taasisi ya hisabati ya Clay tangu mwaka 2000 imeahidi dola milioni moja kwa atakayeamua kama njia za namna hiyo zipo au hazipo.

MHANDISI: Na sisi kazini hatuwezi kusubiri hiyo milioni. Kwangu nukta ni mitambo ya kurushia mawimbi, mstari ni pale mitambo miwili inapoingiliana, rangi ni masafa. Tena masafa yana ukali kuliko rangi: mitambo miwili iliyo karibu mno haitoshi kupewa masafa tofauti, lazima yaachane kwa nafasi fulani. Nitawapa mfano mkubwa. Marekani, kati ya mwaka 2016 na 2017, iliendesha mnada wa masafa ya televisheni. Mamlaka ya mawasiliano ilinunua haki za vituo vilivyokubali kuuza, ikavibana vilivyobaki kwenye chaneli chache, kisha masafa yaliyoachwa wazi yakauzwa kwa kampuni za mawasiliano ya simu. Megahezi 84 ziliachwa wazi, mauzo yakafikia takriban dola bilioni 19.8. Sasa sikilizeni sehemu inayotuhusu. Bei za kununulia vituo zilikuwa zinashushwa hatua kwa hatua, na kila mara kompyuta iliulizwa: kituo hiki kikijitoa mnadani, bado kitapata chaneli bila kuingiliana na vilivyokwisha kupangwa? Ilipewa muda mfupi. Ikipata mpangilio, bei inashuka. Ikithibitisha hakuna mpangilio, bei ya kituo hicho inasimama. Na ikiishiwa muda bila jibu, ilihesabiwa kwamba hakuna mpangilio.

MWALIMU: "Sijui" ikahesabiwa kuwa "hapana".

MHANDISI: Ndiyo. Na kila "sijui" ilikuwa na gharama, kwa sababu mnunuzi alilipa bei ya juu kuliko ambavyo pengine angelipa. Ndiyo maana watafiti walioandika programu ile walihangaika kupunguza "sijui", wala hawakudai kuimaliza. Hivyo ndivyo hisabati hii inavyofanya kazi huku nje, Mwalimu. Mnapatana mapema kwamba mkikosa jibu, hasara ataibeba nani.

MWALIMU: Hilo nalipenda kuliko nadharia yote. Wapangaji wangesema hivyo wazi, ugomvi ungepungua nusu.

MHADHIRI: Usiitupe nadharia haraka. Kwa Erdős kuna grafu za kutisha, lakini grafu za maisha mara nyingi ni tulivu kuliko hizo. Njia ya kawaida kabisa, ya kuanza na somo lenye migongano mingi na kulipa kipindi cha kwanza kilicho wazi, Welsh na Powell waliiandika mwaka 1967, tena kwa ajili ya ratiba. Inafanya vizuri sana kwenye shule halisi.

MWALIMU: Ndivyo ninavyofanya! Jiografia naipanga mapema kwa sababu inagusa kila mtu.

MHADHIRI: Basi unafanya hisabati ya 1967 kwa penseli. Na simu yako nayo inafanya ya 1981. Gregory Chaitin na wenzake wa IBM walionyesha kwamba programu inapotafsiriwa kwa lugha ya mashine, namba zinazohitajika kwa wakati mmoja ni nukta zenye mstari kati yao, na rejista chache za prosesa, yaani nafasi zake za ndani zenye kasi, ni rangi. Rangi zisipotosha, namba moja inapelekwa kwenye kumbukumbu ya nje, mahali pa polepole. Kule hakuna mzazi wa kulalamika.

MWALIMU: Kwangu yupo. Ndiyo tofauti.

Ningependa tukae kidogo kwenye ramani, kwa sababu sifa yote ya tawi hili ilianzia huko, na kisa chenyewe kina funzo ambalo mara nyingi husimuliwa nusu. Mwaka 1852 Francis Guthrie, akipaka rangi ramani ya kaunti za Uingereza, aliona kwamba rangi nne zinatosha, akajiuliza kama zitatosha kwa ramani yoyote. Ndugu yake Frederick alilipeleka swali kwa Augustus De Morgan mjini London, naye tarehe 23 Oktoba mwaka huo akamwandikia mwanahisabati mwenzake Hamilton. Guthrie mwenyewe alihamia Afrika Kusini, akafundisha Graaff-Reinet na baadaye Cape Town, akaipenda mimea ya huko kiasi kwamba ua moja la jamii ya erika linaitwa kwa jina lake. Alifariki mwaka 1899 bila kuona jibu.

Jibu la kwanza lililoaminika lilitoka mwaka 1879, la wakili Alfred Kempe. Lilisimama miaka 11 mpaka Percy Heawood alipoonyesha shimo ndani yake mwaka 1890. Kwa kawaida kisa cha Kempe huishia hapo, kama kisa cha aibu. Mhadhiri anajua kwamba hakikuishia hapo.

MHADHIRI: Mbinu ya Kempe ilikuwa hii: chagua rangi mbili, anza kwenye nukta moja, fuata mistari inayopita kwenye rangi hizo mbili tu mpaka mnyororo uishe, kisha geuza rangi za mnyororo wote. Hakuna kinachoharibika. Heawood alionyesha kwamba minyororo miwili ikigeuzwa kwa pamoja inaweza kukwazana, na hapo uthibitisho ukaanguka. Lakini mbinu yenyewe ni nzima. Mwalimu, kile nilichokuambia kuhusu Historia na Kiingereza kubadilishana ni mnyororo wa Kempe wenye nukta mbili. Baadhi ya programu za kupanga mitihani ya vyuo vikuu leo zinatumia minyororo hiyo kuhamisha mitihani bila kuzalisha migongano.

MHANDISI: Uthibitisho uliokufa ukaacha zana.

MHADHIRI: Na zana hiyohiyo ikarudi kumaliza kazi. Mwaka 1976, katika Chuo Kikuu cha Illinois, Kenneth Appel na Wolfgang Haken walitangaza kwamba rangi nne zinatosha. Walipunguza ramani zote zinazowezekana mpaka kufikia maumbo karibu 2,000, na kompyuta ikayapitia moja moja kwa zaidi ya saa 1,000, ikipaka rangi na kugeuza minyororo. Wanahisabati wengi walikasirika.

MWALIMU: Kwa nini, kama jibu ni sahihi?

MHADHIRI: Kwa sababu hakuna binadamu aliyeweza kulisoma lote. Mwaka 1997 Robertson, Sanders, Seymour na Thomas walichapisha njia fupi zaidi, yenye maumbo 633. Mwaka 2005 Georges Gonthier aliuandika uthibitisho wote katika programu inayokagua kila hatua ya mantiki. Shaka ya makosa imekwisha.

MWALIMU: Shaka ya makosa. Na ile ya "kwa nini"?

MHADHIRI: Unauliza kama mkuu wa shule.

MWALIMU: Ninauliza kama mtu atakayekwenda kusimama mbele ya wazazi. Kwa nini nne? Kwa Malawi umenijibu kwa nukta nne, kwa Uganda umenijibu kwa mzunguko wa tano. Kwa ramani zote unanijibu kwamba mashine imepitia maumbo 633 na haikukwama. Hilo linanihakikishia, lakini halinielezi.

MHADHIRI: Nadhani unadai kupita kiasi. Sababu ipo, imegawanyika vipande 633, na kila kipande kinaelezeka. Hakuna aliyeahidi kwamba ukweli wote utaingia katika kichwa kimoja kwa mara moja.

MHANDISI: Mimi niko na Dokta. Ninaruka kwa ndege ambayo hakuna mtu mmoja anayeielewa yote.

MWALIMU: Ndege haikuambii mtoto wako anyimwe somo.

Kwa hili niko upande wa Mwalimu, na ninataka nieleze ni kwa kiasi gani. Simwungi mkono anayesema uthibitisho wa kompyuta si uthibitisho. Ni uthibitisho, na ule wa 2005 umekaguliwa kwa makini kuliko sehemu kubwa ya hisabati iliyoandikwa kwa mkono. Ninachokataa ni kuuchukua uhakika wa namna hiyo kutoka kwenye ramani na kuupeleka kwenye maisha ya watu bila kubadilisha chochote. Mwanahisabati anayetaka kujua kama nne zinatosha ameridhika akishajua. Mtu anayeambiwa "haiwezekani" kuhusu masomo yake, zamu zake au kituo chake cha redio anahitaji kujua ni nini kikibadilika itawezekana. Nukta nne za PGM zinampa hilo. Saa 1,000 za kompyuta hazimpi, mpaka mtu akae na kutafuta kiini kidogo zaidi kinacholeta ugomvi. Kazi hiyo ya kutafuta kiini ni hisabati halisi, inaweza kufanywa kwa programu, na ningependa kila anayeuza programu ya ratiba adaiwe kuifanya. Ikisema hapana, ionyeshe nukta.

MHANDISI: Ukisema ramani, Mwandishi, usisahau kwamba hata ramani halisi hazitii nadharia. Cabinda ni ya Angola na imetengwa nayo na Kongo. Ukitaka Cabinda ipakwe rangi ya Angola, hujafuata masharti ya Guthrie, ambayo yanadai kila nchi iwe kipande kimoja. Dunia ikiwa na vipande vingi vya namna hiyo, nne si lazima zitoshe.

MHADHIRI: Kweli. Nadharia ina masharti, na wanaoinukuu huyaacha nyumbani.

MWALIMU: Na mimi nina vipande vingi kuliko Angola. Ijumaa mchana siwezi kuweka mtihani. Mwezi wa Ramadhani najaribu kupeleka karatasi ndefu asubuhi. Msimamizi mmoja ananyonyesha. Ukumbi unaingiza watu mia mbili. Mtoto wa PCB akipata Fizikia, Kemia na Biolojia mfululizo, ratiba yako haina mgongano lakini mtoto amekwisha. Nukta zako zinayajua hayo?

MHADHIRI: Baadhi. Ijumaa mchana ninaitia kama nukta yenye rangi maalumu, masomo yote yanagongana nayo. Ukumbi ninauwekea idadi. Uchovu ndio mgumu, kwa sababu haukatazi, unaumiza tu. Mwaka 1996 Carter, Laporte na Lee walikusanya ratiba 13 halisi za mitihani ili watafiti washindane juu yake, na wakatumia adhabu: mwanafunzi mwenye mitihani miwili mfululizo, alama 16. Ikiachana kwa nafasi mbili, 8. Kisha 4, 2, 1. Ratiba yenye jumla ndogo ndiyo bora.

MWALIMU: Kumi na sita nani aliipima? Alimuuliza mtoto?

MHADHIRI: Hakupimwa mtoto. Ni makubaliano.

MWALIMU: Basi hapo msiseme hesabu imeamua. Mmeamua ninyi, hesabu imefuata. Mimi kwa wanafunzi wa mwaka wa mwisho ningeweka mia. Kwa kidato cha tano mwezi wa kwanza ningeweka tano.

MHADHIRI: Nakubali. Hiyo namba ni yako kuiweka, na ni haki yako kuidai. Mara nyingi sisi huiandika halafu tunasahau kwamba tuliiandika.

MHANDISI: Turudi kwenye PGM. Mwalimu, unaifuta?

MWALIMU: Siifuti. Wale watoto wameichagua kwa sababu wanataka kusomea upimaji ardhi. Na CBG siigusi. Nachukua vipindi vinne. Mkuu akiuliza, ninampa zile nukta nne na ninamwambia achague mwenyewe nani aondoke.

MHADHIRI: Kwa vinne, Jiografia inagongana na kila somo isipokuwa Kiswahili. Ipeleke na Kiswahili.

MWALIMU: Siwezi, mwakani tunaongeza HGK.

MHANDISI: Hapo sasa mnafika vitano.

MHADHIRI: Hapana, subiri. Kiswahili kikigongana na Jiografia, Jiografia inakaa peke yake. Yaliyobaki ni nane, na yanaingia katika vitatu: Fizikia, Uchumi na Historia. Kemia na Kiswahili. Hisabati, Biolojia na Kiingereza. Pitia tahasusi zako zote nane.

MWALIMU: PCM sawa. PCB sawa. CBG sawa. HGL, HKL... EGM sawa. PGM sawa. HGK: Historia cha kwanza, Kiswahili cha pili, Jiografia cha nne. Sawa. Lakini Jiografia peke yake ina tahasusi tano kwa mpigo, ukumbi hautoshi.

MHADHIRI: Wanafunzi wangapi?

MWALIMU: Ngoja nikalete daftari la mahudhurio. Na Dokta, hiyo karatasi usiitupe.